Shajara ya mradi: ghala letu la vifurushi vya FreeBSD

4 Agosti 2025

Kuanzia leo kila hatua ya kazi hii itaandikwa hapa, ili atakayeipokea baadaye asilazimike kubahatisha. Maktaba ya jamii tunayoihudumia hapa Iringa ina kompyuta 12 za mitumba, zote za biti 64, zote zinatumia FreeBSD 14.3, mfumo endeshi huria. Hadi sasa kila moja imekuwa ikijichotea programu zake kutoka intaneti. LibreOffice ileile inalipiwa bando mara 12, na kila toleo jipya likitoka hesabu inaanza upya. Tumekubaliana kujenga ghala letu wenyewe: kompyuta moja ichote misimbo chanzo mara moja, ijenge vifurushi, yaani programu zilizo tayari kusakinishwa, ivitie saini, na nyingine zote zichukue kwake kwa waya wa ndani.

Mkutubi wetu ameuliza swali la haki kabisa: "Kama shida ni bando, mwanangu, si mnakili tu hivyo vilivyokwisha kutengenezwa?" Nimemjibu kwamba inawezekana. FreeBSD hujenga yenyewe vifurushi kutokana na poti (maelekezo ya kujenga programu) zaidi ya 30,000 na kuvitoa bure, tena vizuri. Ila vifurushi hivyo vimebeba chaguo linalomfaa mtu wa wastani duniani kote. Sisi tunatumia Xfce, dawati (mazingira ya skrini) jepesi, na hatuna haja ya viungo vya GNOME, dawati jingine, pale vinapoweza kuachwa. Tunataka uchapishaji kupitia CUPS, mfumo wa kuendesha printa, kila mahali, kwa sababu wanaokuja maktaba wengi wanakuja kuchapa barua za maombi ya kazi. Tunataka tafsiri zibaki, hata kwenye programu ambazo watu wengi huziondolea tafsiri ili zipungue uzito. Na tunataka kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili yenye maneno ya walimu wetu, ambayo hakuna atakayetujengea.

Mimi binafsi naona sababu kubwa kuliko zote hizo ni kwamba kifurushi kikijengwa hapa, patakuwa na mtu hapa anayeweza kueleza kwa nini kiko kilivyo.

6 Agosti

Leo nilikaa na vijana wawili watakaosaidia, tukafungua mti wa poti. Mti huu ulianza mwaka 1994 kwa kazi ya Jordan Hubbard, na tangu 2021 unatunzwa kwa Git, chombo cha kuhifadhi historia ya misimbo. Ndani yake hamna programu hata moja. Kila poti ni saraka ndogo yenye maelekezo: Makefile inayosema msimbo unapatikana wapi, unategemea nini na unajengwaje, distinfo yenye ukubwa wa faili na alama yake ya SHA256 (kama alama ya kidole ya faili), pkg-descr yenye maelezo mafupi, na mara nyingi pkg-plist, orodha ya kila faili itakayowekwa kwenye kompyuta. Kukiwa na viraka (marekebisho madogo ya msimbo), vinakaa kwenye saraka ya files. Basi. Kijana mmoja alishangaa kwamba poti ya programu kubwa inaweza kuwa na mistari michache kuliko barua. Ndivyo ilivyo, kwa sababu kazi nzito imekusanywa kwenye saraka ya Mk, ambayo poti zote zinaishiriki.

Mtu anaweza kuingia kwenye saraka ya poti, akaandika make install clean, akasubiri. Kwa programu moja kwenye kompyuta yako mwenyewe, njia hiyo inatosha. Kwa ghala haifai, na hili nililieleza kwa kirefu. Programu nyingi, kabla ya kujengwa, huichunguza kompyuta: je, kuna laibrari fulani (msimbo ambao programu nyingi huutumia kwa pamoja)? Ikiwapo, zinajiunga nayo hata kama hakuna aliyeziomba. Kompyuta iliyokwisha kutumika ina laibrari nyingi za kila aina. Kifurushi kilichojengwa humo kitafanya kazi humo, kisha kikipelekwa kwingine kitalalamika kwamba laibrari haipo. Hitilafu ya namna hiyo inachosha kuitafuta kwa sababu chanzo chake hakionekani popote kwenye maelekezo.

Ndiyo maana tunatumia poudriere, chombo kilichoanzishwa na Baptiste Daroussin. Kila poti hujengewa ndani ya jela yake, yaani mfumo mdogo uliofungiwa, ukiwa mtupu. Ndani yake huwekwa vile vitegemezi vilivyotajwa tu. Msimbo ukishachotwa, mtandao unafungwa, kwa hiyo programu haiwezi kwenda kuchukua kitu cha ziada kimyakimya wakati inajengwa. Kama mwandishi wa poti alisahau kutaja kitegemezi, ujenzi unagoma hapohapo.

Amri za kuanzia ni hizi:

poudriere jail -c -j 143amd64 -v 14.3-RELEASE
poudriere ports -c -p 2025Q3 -m git+https -B 2025Q3

Ya kwanza inatengeneza jela. Toleo la jela lisizidi toleo la mfumo wa kompyuta inayojenga, kwa sababu jela zote zinatumia kerneli (kiini cha mfumo) ya mwenyeji. Ya pili inachukua tawi la robo mwaka, yaani nakala ya mti wa poti iliyotengwa. Tawi hili hukatwa Januari, Aprili, Julai na Oktoba, na baada ya hapo hupokea hasa marekebisho ya usalama na ya ujenzi. Tungeweza kufuata tawi kuu linalobadilika kila saa, lakini maktaba inahitaji utulivu kuliko upya.

Jambo moja tumeamua mapema, na liandikwe. Kompyuta ya kujengea ni mpya kuliko zile 12. Kuna ushawishi wa kuiambia kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa amri za prosesa, itumie uwezo wote wa prosesa hiyo, kwa kuweka CPUTYPE. Hatutafanya hivyo. Kifurushi kilichojengwa kwa amri za prosesa mpya kikifika kwenye prosesa ya zamani kinakufa kwa ujumbe wa "Illegal instruction", na hapo faida yote ya kasi inakuwa haina maana.

8 Agosti, Nane Nane

Maktaba imefungwa, hivyo kompyuta imepata siku nzima bila kusumbuliwa. Orodha yetu ya majina haifiki 30: Xfce, LibreOffice, Firefox, GIMP, Python, Git, nginx, PostgreSQL na vingine vidogo. Kabla ya kujenga nilitumia poudriere bulk -n, ambayo inaonyesha kitakachofanyika bila kukifanya. Vijana waliona orodha ikigeuka mamia ya vifurushi.

Tulichukua muda mrefu hapa, na sijutii hata dakika moja. Tuliuliza kuhusu kila kikubwa kilichojitokeza: huyu nani kamwalika? Kwa nini Rust, lugha ya kuandikia programu, iko humu, wakati hakuna aliyeiomba? Jibu: Firefox inaihitaji, na hata Firefox ikiondolewa, itarudi kupitia librsvg, laibrari ya kuchora picha za SVG, ambayo iliandikwa kwa C na sasa imeandikwa kwa Rust, na dawati lolote lenye ikoni za GTK linaifuata. Itarudi tena kupitia laibrari ya cryptography ya Python, ambayo ilianza kuhitaji Rust mwaka 2021. LLVM, zana za kutengenezea kompaila, je? Imeitwa na Mesa, inayochora picha kwenye skrini. Na Rust, kwa upande wake, hubeba LLVM yake ndani, kwa hiyo msimbo mkubwa wa aina moja utajengwa zaidi ya mara moja.

Kisha tukapitia machaguo kwa poudriere options. Kuna mengi, na mengi hayatuhusu. Tuliyoyagusa tumeyaandikia sababu kwenye faili la make.conf la jela, kila moja na mstari wake wa maelezo. DOCS na EXAMPLES tumezizima kwa ujumla, kwa sababu miongozo ya watengenezaji haisomwi maktabani na inakula nafasi. NLS, ambayo ndiyo inayoleta tafsiri, imeachwa kila mahali.

Saa tisa alasiri tukaanzisha ujenzi. Ukibonyeza Ctrl na T, poudriere inaonyesha kila mjenzi yuko kwenye poti gani na hatua gani: anachota, anahakiki, anafungua, anabandika viraka, anasanidi, anajenga, anapanga, anafunga. Tulikaa tukitazama vifurushi vidogo vikipita. Kwanza pkg yenyewe, maana bila hiyo hakuna kinachofungwa, kisha gmake, perl, gettext, python.

11 Agosti

Rust imekufa. Logi ya mfumo ina mstari huu, ambao kila anayejenga vitu vikubwa ataujua siku moja:

pid 48213 (rustc), jid 37, uid 65534, was killed: failed to reclaim memory

Kompyuta yetu ina RAM ya gigabaiti 16 na nyuzi 8 (kazi ambazo prosesa inaweza kuzifanya kwa wakati mmoja). Poudriere inaweza kuweka saraka ya kazi ndani ya RAM ili ujenzi uende haraka, na kwa poti ndogo hilo ni jema kweli. Lakini Rust inapojengwa, faili zake peke yake ni gigabaiti nyingi, na wakati huohuo LLVM ilikuwa inajengwa pembeni na nyuzi zake, na ZFS, mfumo wa faili za diski, nayo imejitwalia sehemu ya RAM kwa kache. Kerneli ilipokosa pa kubana ikaua aliyekuwa mnene kuliko wote.

Mipangilio mipya katika poudriere.conf:

USE_TMPFS=data
PARALLEL_JOBS=2
ALLOW_MAKE_JOBS_PACKAGES="pkg rust llvm* firefox libreoffice"

Maana yake: RAM itumike kwa mambo madogo tu, saraka za kazi ziwe kwenye diski, wajenzi wawili kwa wakati mmoja, na poti zile nzito tu ndizo ziruhusiwe kutumia nyuzi nyingi. Kache ya ZFS nayo tumeiwekea kikomo. Ujenzi utakuwa wa polepole zaidi. Polepole inayofika ndiyo tunayoitaka.

13 Agosti

Umeme ulikatika usiku. Nafurahi kuandika kwamba hapakupotea kitu cha maana. Poudriere huweka vifurushi vipya kwenye saraka iitwayo .building, na haiungi ghala kwenye hivyo vipya hadi kazi yote imalizike. Tulipowasha, ikaviona vilivyokwisha, ikaendelea navyo. Poti mbili zilizokuwa katikati ndizo zilianza upya. Tungekuwa na ghala linalotumika tayari, wasomaji wangeendelea kuona lile la zamani, zima, bila mchanganyiko.

15 Agosti

Leo kuna somo ambalo nataka lisisahauliwe.

Poti moja ndogo iligoma kwenye hatua ya kuhakiki. Faili lilikuwa limechotwa, jina sahihi, lakini ukubwa hautoshi, na SHA256 hailingani na ile ya distinfo. Kijana aliyekuwa zamu alitaka kujua kama aandike make makesum, amri inayoandika alama mpya kutokana na faili lililopo. Amri hiyo ipo kwa ajili ya mtunzaji anayepandisha toleo, akishajiridhisha kwamba faili jipya ni halali. Nikamwambia, kabla ya kugusa alama, fungua faili lenyewe utazame. Akafungua kwa less. Ndani hapakuwa na msimbo wowote. Palikuwa na ukurasa wa HTML wa mtandao wa simu unaosema bando limekwisha, bonyeza hapa kuongeza. Anwani ya kuchotea ilikuwa ya http isiyo na usimbaji, kwa hiyo mtandao uliingiza ukurasa wake mahali pa faili na kuliita mafanikio. Tukaongeza bando, tukafuta faili, tukachota upya, alama zikalingana.

Hapo tukaingia kwenye mazungumzo marefu kuhusu kile ambacho alama hizi zinalinda na kile ambacho hazilindi. Zinalinda njia. Zinakuambia faili ulilolipata ndilo alilolipata mtunzaji wa poti alipoandika distinfo. Haziwezi kukuambia kwamba faili hilo lilikuwa jema tangu mwanzo. Mfano ambao kila mjenzi anapaswa kuujua ni wa xz, chombo cha kubana faili. Tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa programu, alitangaza kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yana mlango wa siri. Alianza kushuku baada ya kuona kuingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali) kunachelewa takriban nusu sekunde. Kilichoniuma mimi ni mahali ulipofichwa. Sehemu ya kuanzisha hila ile ilikuwa kwenye skripti ya m4 iliyomo ndani ya kifurushi cha msimbo kilichotolewa kwa wajenzi, wakati kwenye hazina ya Git skripti hiyo haikuwepo. Aliyesoma Git aliona safi; aliyejenga kutokana na kifurushi cha msimbo alijenga sumu. Hila ile ililenga Linux ya x86-64 inapojengwa kama kifurushi cha deb au rpm, hivyo FreeBSD haikudhurika. Lakini alama ya SHA256 ya faili lile ingelingana kabisa.

Kijana wa pili akauliza swali la mbali zaidi: kompaila je, nani aliijenga? Nilifurahi alipofika hapo peke yake. Ken Thompson, mmoja wa waundaji wa Unix, alilizungumza hilo mwaka 1984, alipoonyesha kwamba kompaila inaweza kupandikiza hila kwenye programu, na hata kwenye kompaila mpya, bila alama yoyote kubaki kwenye msimbo. Na ukitazama kwa makini logi zetu utaona Rust haikuanza na msimbo mtupu. Rust imeandikwa kwa Rust, hivyo poti yake huchota kwanza Rust iliyokwisha kujengwa ili ijenge mpya. Lugha ya Go iko hivyohivyo tangu toleo la 1.5 la mwaka 2015. Tunaposema tumejenga kutokana na chanzo, tuseme kwa ukamilifu: tumejenga kuanzia mahali fulani, na mahali hapo tunapajua.

20 Agosti

LibreOffice imekamilika asubuhi. Firefox ilitangulia jana. Sasa ni zamu ya kitu chetu wenyewe.

LibreOffice hukagua tahajia kwa Hunspell, na kwenye hazina ya kamusi za LibreOffice kuna faili mbili za Kiswahili: sw_TZ.dic yenye maneno na sw_TZ.aff yenye kanuni za viambishi. Walimu wamekuwa wakilalamika kwamba maneno ya masomoni yanapigwa mstari mwekundu, kama usanisinuru, kizio, mkokotoo, kiunzi. Wamekusanya orodha yao kwa mkono kwenye daftari, na mwalimu wa Biolojia akaipanga vizuri kwa madarasa.

Kuongeza nomino ni rahisi, kila moja mstari wake. Vitenzi ndivyo vilivyotushughulisha mchana kutwa. Hunspell kwa kawaida huvua kiambishi awali kimoja na viambishi tamati viwili, mpangilio unaozifaa lugha zinazojenga maneno kwa kuongeza nyuma. Kiswahili hujenga mbele. Katika "hatukuwapikia" kuna ukanushi na nafsi, wakati uliopita, watendwa, halafu ndipo mzizi, kisha kauli ya kutendea. Kuna chaguo la COMPLEXPREFIXES linalogeuza hesabu, awali viwili na tamati kimoja, lakini bado havitoshi kwa viambishi vyetu vinne vikitajwa kimoja kimoja. Njia tuliyoiona ni kuvichukua viambishi vya mbele kama fungu moja: hatukuwa-, tuliwa-, wamem-, kila fungu likiwa kanuni moja ya PFX (kiambishi awali). Orodha inakuwa ndefu, lakini ni ndefu yenye utaratibu, na inaweza kuzalishwa kwa skripti ndogo ya Python kutokana na jedwali la nafsi na nyakati. Hii ni kazi inayostahili watu zaidi ya sisi watatu. Kwa sasa tumeweka nafsi zote kwa nyakati zinazotumika zaidi, na vitenzi vilivyomo kwenye daftari la walimu.

Poti yenyewe ni fupi. Haijengi chochote, inaweka faili tu, na haifungamani na aina ya prosesa:

PORTNAME= kamusi-walimu
DISTVERSION= 2025.08
CATEGORIES= textproc
NO_BUILD= yes
NO_ARCH= yes

Hatua ya do-install inanakili faili mbili kwenye share/hunspell chini ya STAGEDIR, siyo moja kwa moja kwenye kompyuta, na pkg-plist inazitaja zote mbili. Tumeiweka kwenye mti wetu mdogo wa pembeni, unaofunikwa juu ya mti mkuu kwa kutumia alama ya -O, ili tusiguse faili za watu. Portlint, mkaguzi wa uandishi wa poti, imeridhika. Poudriere testport imepita.

28 Agosti

Poti moja ya kushughulikia picha imegoma kufungwa. Imejengwa vizuri, imepangwa vizuri, kisha:

pkg-static: Unable to access file /wrkdirs/... : No such file or directory

Faili linalotafutwa ni la mwongozo. Sisi tumezima DOCS, kwa hiyo halikuwekwa, lakini pkg-plist bado inalitaja. Kwenye kompyuta za FreeBSD zinazojenga vifurushi rasmi hitilafu hii haiwezi kuonekana, kwa kuwa DOCS huwa imewashwa huko. Anayejenga kwa machaguo tofauti ndiye anayekutana nayo, na kwa hiyo ni wajibu wake kuirudisha ikiwa imerekebishwa.

Tiba ni kuweka %%PORTDOCS%% mbele ya mstari ule kwenye pkg-plist, ili uhesabiwe pale tu miongozo inapotakiwa. Vijana wameandika kiraka wenyewe, wakakijaribu kwa DOCS ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa, wakakitengeneza kwa git format-patch. Waliuliza kama waongeze PORTREVISION, namba inayoilazimisha kompyuta ya kila mtu kuchukua kifurushi upya. Hapana: kifurushi cha chaguo la kawaida hakijabadilika hata baiti moja, na hakuna sababu ya kuwachotesha watu wengine bando kwa ajili ya hitilafu isiyowagusa. Kiraka kimetumwa kwenye Bugzilla (daftari la hitilafu) ya FreeBSD jioni hii, kikiwa na maelezo ya mistari minne. Mtunzaji wa poti ana wiki mbili za kujibu. Zikipita kimya, mwenye ruhusa mwingine anaweza kukiingiza.

3 Septemba

Ghala limefunguliwa. nginx inagawa saraka ya vifurushi, na orodha ya ghala imetiwa saini kwa ufunguo wa RSA wa biti 4096. Ufunguo wa siri uko kwenye kompyuta ya kujengea peke yake. Kwenye kila kompyuta ya maktaba kuna ufunguo wa umma na faili hili:

maktaba: {
  url: "http://10.0.0.2/143amd64-2025Q3",
  signature_type: "pubkey",
  pubkey: "/usr/local/etc/ssl/certs/maktaba.cert",
  enabled: yes
}

Ghala rasmi limezimwa kwenye kompyuta hizo 12, kwa sababu kuchanganya maghala mawili yenye machaguo tofauti huleta vitegemezi visivyopatana. Kompyuta ya kwanza ilichukua LibreOffice, Xfce na Firefox kabla mkutubi hajamaliza kupanga viti. Alisimama akatazama, akauliza, "Hii imetoka wapi?" Nikamwonyesha mashine iliyo chini ya meza yake. Akataka kujua kama umeme ukikatika itaharibika, nikamweleza kuhusu .building, akaridhika.

Mwalimu wa Biolojia aliandika "usanisinuru" na mstari mwekundu haukutokea. Akaandika "hatukuwafundisha", nao haukutokea. Akaandika "tusipowafundisha", ukatokea. Ameshaandika kwenye daftari.

19 Septemba

Firefox imetoa toleo jipya wiki hii, na lina marekebisho ya usalama. Hapa ndipo ghala la kujijengea linapopimwa. Kujenga mara ya kwanza ni furaha. Kujenga kila mwezi, kwa wakati, ni ahadi. Kivinjari kilichopitwa kwenye kompyuta inayotumiwa na watu kuingia kwenye barua pepe zao na akaunti za ajira ni hatari halisi, na mtu wa maktaba hana namna ya kujua.

Tulipima. Firefox mpya imekuja pamoja na toleo jipya la Rust, na Rust ikibadilika, kila kilichojengwa nayo kinajengwa upya. Mashine yetu itashughulika usiku na mchana, na katikati kuna hatari ya umeme. Kwa hiyo leo tumebadilisha utaratibu, na naamini ni sahihi:

PACKAGE_FETCH_BRANCH=quarterly
PACKAGE_FETCH_WHITELIST="rust llvm* cmake-core ninja"

Poudriere sasa itachukua zana hizo zikiwa zimekwisha kujengwa kutoka ghala rasmi la FreeBSD, mradi toleo, machaguo na vitegemezi vyake vinalingana na vile ambavyo tungejenga sisi. Visipolingana, inajenga yenyewe.

Kijana mmoja hakupenda. Alisema, "Kaka, si tulisema tunajenga wenyewe?" Tulisema hivyo, na tumeshajenga Rust na LLVM kwa mikono yetu, tunajua tunaweza na tunajua inavyokwenda. Lakini kwenye Rust hatuna uamuzi wowote wetu. Hatukugusa chaguo lake hata moja, haibaki kwenye kompyuta za wasomaji, na hata tukiijenga wenyewe inaanzia kwenye Rust ya kuchota. Nguvu zetu ziende kwenye vifurushi ambavyo tumeviamulia jambo: LibreOffice, Firefox, Xfce na vitegemezi vyake vya karibu, kamusi. Vile tulivyovipokea vimeandikwa kwenye logi kwamba tumevipokea, na yeyote anaweza kuona mpaka uko wapi. Amekubali kwa sharti kwamba mara moja kwa kila tawi jipya tujenge yote bila kuchota, ili ujuzi usipotee. Sharti lake limeingia kwenye utaratibu.

Firefox mpya iko kwenye ghala tangu saa kumi jioni.

26 Septemba

Kiraka cha pkg-plist kimeingizwa kwenye tawi kuu. Bado hakijahamishiwa 2025Q3, kwa hiyo kwetu kinaendelea kukaa kwenye mti wa pembeni hadi tuhame.

Tawi la 2025Q4 linakatwa mwanzoni mwa Oktoba. Mpango: kuchukua tawi jipya kando ya lile la zamani, si juu yake.

poudriere ports -c -p 2025Q4 -m git+https -B 2025Q4

Kujenga yote bila kuchota, kama tulivyokubaliana. Kusoma faili la UPDATING kuanzia Julai, maana humo ndimo yanapoandikwa mabadiliko yanayohitaji mkono wa mtu, hasa ya PostgreSQL. Kuhamisha kompyuta mbili kwanza, zile za karibu na dirisha, na kuziacha zitumike wiki nzima kabla ya nyingine. Kupitia pkg audit kila asubuhi kuona kama kuna kifurushi chetu kilichotajwa kuwa na udhaifu. Kwa kamusi, kuongeza viambishi vya masharti, -sipo- na -ngali-, na kuomba walimu wa Kiswahili wa shule jirani watukagulie jedwali kabla ya kuzalisha kanuni zake. Mmoja ameshakubali, atakuja Jumanne na jedwali lake la minyambuliko.